Nilivyoshangilia Goli Ukweni

Nitasema mwenyewe mnicheke mara moja yaishe, maana hata kule Louisville, mji mwingine wa huku Marekani, wananicheka mpaka leo na wengi wao hata hawakuwepo: mimi ndiye yule mzee aliyeshangilia goli ukweni, katikati ya posa.

Ilikuwa Jumamosi ya fainali ya klabu za wanawake za Ulaya, ambayo kwa saa za huku kwetu inachezwa mchana. Zamani nilikuwa nasema mpira wa wanawake ni wa kupitisha muda, halafu binti yangu akaanza kuniwekea mechi mojamoja nikitoka kiwandani, nikanasa (sasa ni yeye anayeniomba nizime nilale). Na Jumamosi hiyohiyo ndiyo tuliyopangiwa kwenda mji wa Reynoldsburg kumposea Amani, mtoto wa marehemu kaka yangu. Msemaji wa upande wetu ni mimi. Tukaondoka Buffalo, tunakoishi, alfajiri, watu wanne, nimevaa suti, hotuba iko kichwani, na bon, nikaamua jambo dogo tu: kisikilizi kimoja kisicho na waya, sikio la kushoto, chini ya kofia (nilisingizia mafua).

Nyumba ilijaa. Fanta zilikuwa mezani hazijafunguliwa, kwa sababu kwetu Wakongo hakuna anayekunywa mpaka wenye binti wapokee neno la wageni. Nilisema vizuri, tena niliwachekesha, nikakaa, zamu ikawa ya baba mkubwa wa binti, mzee mpole, akaanza kueleza jinsi binti alivyokua, na mimi nimeinamisha kichwa kwa heshima (heshima gani, nilikuwa nafuatilia kona), mtangazaji akapandisha sauti, mpira ukapigwa kichwa, ukaingia, na mimi nikajikuta nimesimama mikono juu, nasema, "Asante Yesu, tumewapata!"

Kofia imeanguka, kisikilizi kinaonekana.

Yule mzee hakupandisha sauti. "Nilikuwa nasema mama ya huyu mutoto tulimuzika mu kambi, mutoto iko na miaka ine. Weye unafurahia nini?"

"Mpira," nilisema. Hata uongo niliukosa.

"Donc, kumbe mulikuja kusikiliza mpira." Akamtazama Amani, si mimi. "Murudi nyumbani. Siku mutarudi, mukuje na musemaji mwenye anasikia."

Mama mmoja akaanza kurudisha Fanta jikoni, mbilimbili, taratibu. Nimekimbia vita, nimefukuzwa kazi, lakini aibu kama ile ya kutazama soda zile zikiondoka sijawahi kuionja.

Garini hakuna aliyenigombeza, na hiyo ndiyo iliyonimaliza. Mwisho nikamwambia Amani atafute mzee mwingine, pale Kenmore, jirani na kwetu, wapo wengi wenye maneno kunishinda. Alikuwa anaendesha, hakugeuka.

"Nitatafuta nani, baba mudogo? Baba alikufa. Ni weye tu mwenye anaweza kusema mimi ni mutoto ya nani."

Nililia, sifichi, na suti yangu.

Baada ya wiki tatu tukarudi, mimi tena ndiye msemaji, simu nimeiacha Buffalo. Sikuanza na hotuba. Nilipiga magoti nikaomba radhi, nikamwomba yule mzee, kama moyo wake unaweza, anisimulie upya habari za mama wa binti. Akasema karibu saa nzima: jina lake, kilima alikozaliwa, alivyoimba akisuka nywele za watoto, asubuhi waliyomzika. Alipomaliza akaniuliza, "Na huyu kijana wenu, ni mutoto ya nani?" Nikamtaja kaka yangu kwa jina, ambaye sikuwa nimemtaja kwa sauti tangu tumzike, nikaanza kumsimulia. Mzee akasubiri mpaka nikamaliza, ndipo akasema binti ni wetu.

Siku hizi nikiitwa kumsemea mtu, simu inabaki nyumbani, hata iwe fainali ya nini. Goli nitaliona kwenye marudio. Yule mzee alikubali kunirudia maneno ambayo sikuyasikia, na sidhani kama yupo mwingine atakayekubali.