Tone la Rangi Nyekundu

Fundi wa Ipogolo hana muda wa salamu. Gari likiingia tu, yuko chini yake, na kinachobaki kuonekana ni ndala zake. Veneranda anamfahamu tangu mwaka jana, alipomwinulia gari lake lipite matope ya Madibira na kumfungia mikono mipya ya kushika ekseli, ile inayorefushwa na kufupishwa. Fundi huipima kwa futi mara tatu, kulia na kushoto, kisha hushusha gari likae kwa uzito wake lenyewe ndipo akaze bolti, mipira iliyomo kwenye mikono isijisokote ikachanika. Kila bolti anayoikaza huipaka tone la rangi nyekundu, asije akasingiziwa kazi ya mtu mwingine.

Juzi alianza kufoka kabla hajafika hata katikati ya uvungu. "Mpumbavu gani kakaza bolti hizi gari likiwa juu ya jeki? Ona mipira ilivyochanika! Kichwa kimejaa pumba! Angekuua huyu, dada!"

"Fundi, hakuna mwingine aliyeligusa."

"Usinidanganye!"

Akachomoa kitambaa, akasugua tope kwa hasira mpaka chuma kikaonekana. Ndala zikatulia. Veneranda aliinama, akaliona lile tone jekundu. Akakumbuka siku ile ya kufungiwa mikono alivyomharakisha, alivyosimama pale akipiga honi awahi mvua, akajiandaa kutupiwa lawama, maana alistahili.

"Mpumbavu," sauti ikatoka chini ya gari, kali vilevile, "ni mimi. Kichwa changu ndicho kimejaa pumba!"