Kitabu Alichokichagua Fundi Lasar

Tangu injini za boti ziingie Puthiyathura, kijiji cha wavuvi wa Kihindi, aliyezitibu ni Lasar. Chuo hakukanyaga. Injini ikinguruma ndani ya pipa la maji, yeye huigusisha ncha ya bisibisi, mpini akauweka sikioni, akafumba macho kidogo, kisha akakwambia ugonjwa uko wapi. Hata waliomwonea kijicho, na hawakuwa haba, walikiri kwamba sikio lile halina mwenzake.

Basi sikio hilohilo likamsaliti. Lilianza kuziba la kushoto, akajifanya haoni. La kulia likafuata. Pwani ile watu husemezana kwa kupayuka, hivyo aliweza kujificha muda mrefu. Mficha maradhi kilio humfichua, najua, tumeambiwa tangu utotoni. Lakini mimi simlaumu. Ukimnyang'anya fundi kama yule sikio lake, umembakishia nini?

Akaamua kutafuta kitabu cha ufundi. Bintiye Metilda, mwalimu wa shule ya msingi, aliambiwa tu kwamba injini za siku hizi zina mambo mengi. Jumamosi moja wakapanda basi hadi Palayam, mjini, kwa wauza vitabu vikuukuu, na muuzaji mmoja akawatolea viwili.

Cha kwanza kilikuwa chembamba, cha Kimalayalam, lugha yao ya nyumbani, kimeandikwa na fundi wa pwani zilezile, juu ya injini zinazokunywa mafuta ya taa kama zote za Puthiyathura. Cha pili kilikuwa kinene kama Biblia ya padri, cha Kiingereza, kimetoka kiwandani, kimejaa majedwali ya namba. Metilda hakuona hata cha kufikiria.

“Baba, hiki chembamba kimeandikwa kwa ajili yetu,” alisema, akikigongagonga. “Utakisoma mwenyewe, hata hunihitaji.”

Lasar akakisoma palepale amesimama. Ukurasa wa tisa: zungusha skrubu ya mafuta polepole huku ukisikiliza. Wa kumi na nne: sikiliza tena. Wa ishirini: sauti ikiwa kavu, rudisha kidogo, usikilize. Akakifunga na kukirudisha mezani haraka, kama mtu aliyeshika kaa la moto.

“Nipe kinene,” akamwambia muuzaji. “Hicho kina namba.”

Metilda akacheka, akamtania kwamba uzeeni ndipo Kiingereza kimemkolea. Alikuwa nyuma yake akisema hayo, na mzee hakugeuka. Akamwita. Akamwita tena. Mara ya tatu alitumia sauti ya darasani, wauza vitabu wote wakageuza shingo, asigeuke baba yake peke yake. Hapo binti akaelewa, na moyo ukamwuma kweli. Lakini kwa kuwa mzee alikuwa amenyamaza, naye alinyamaza.

Kila jioni akawa anamtafsiria namba zile na kumwandikia daftarini. Kaza skrubu mpaka mwisho, kisha rudisha mzunguko mmoja na nusu. Lasar alizifuata kama anavyofuata sala. Masikini, kiwanda kiliandika habari za injini ya petroli. Kule Puthiyathura petroli ni ya kuwashia tu, kisha wanahamia mafuta ya taa, na vitundu vya kupitishia mafuta vilishapanuliwa kwa sindano zamani, kila kimoja kwa kadiri ya sauti ya injini yake. Aliyevipanua ni Lasar mwenyewe. Alilijua hilo kama anavyojua jina lake, lakini mfa maji haachi kutapatapa.

Injini ya kwanza aliyoitengeneza kwa kitabu ilikuwa ya Pathros, mume wa dada yake. Pathros akarudi na kumwashiria kwa kidole gumba kwamba iko safi. Wengine nao wakasema safi. Tangu Pasaka mpaka mvua zilipoanza, Lasar alikuwa mtu mwenye furaha.

Sasa, mafundi wa kule wakishapanga skrubu hupaka tone la rangi juu yake, kila mmoja rangi yake, ili ijulikane nani ameigusa mwisho. Ya Lasar ni nyekundu. Siku moja ya mvua injini ya Pathros ilikuwa imeletwa kwake kwa sababu ya pampu ya maji. Alipoifungua alikuta nyekundu yake imepasuka na juu yake pana tone la buluu. Buluu ni ya Jerald, ambaye Lasar mwenyewe alimfundisha kazi miaka ishirini nyuma. Akafungua nyingine iliyokuwa pale. Buluu. Ya tatu, buluu. Akakaa chini sakafuni.

Kumbe wote walikuwa wanachukua injini kwake, wanamshukuru, kisha wanazunguka nyuma ya kanisa hadi kwa Jerald airekebishe upya. Na hakuna hata mmoja aliyemcheka. Laiti wangemcheka, isingemwuma hivyo.

Akaibeba injini ya Pathros begani, mchana kweupe, akapita nayo mbele ya kanisa. Kwa Jerald alimkuta Pathros mwenyewe anakunywa chai. Wote wawili wakasimama.

“Tangu lini?” Lasar akauliza.

Jerald alimtazama Pathros kwanza. Kisha akasema polepole, midomo wazi, ili asomeke: “Tangu Pasaka, fundi.”

“Ziwe zinakuja kwako moja kwa moja,” Lasar akasema. “Siku moja mmoja wenu atachoka kuzunguka. Ataingia baharini na namba zangu, na mtaniletea maiti.” Akaitua injini chini, akalia mbele ya watu, yeye ambaye hata kwenye mazishi ya mkewe alijikaza.

Pathros akamshika mabega, akamsogelea sikio la kulia.

“Tungekuletea injini mpaka ufe, shemeji,” alisema.

“Unasemaje?”

“Nasema tungekuletea mpaka ufe.”

Lasar akamtazama midomo, lakini machozi yalikuwa yamejaa machoni na hakuona kitu. “Sikupati, Pathros. Sema tena.”

Jerald akageukia ukutani. Pathros akamwonyesha kwa mkono ishara ya kula.

“Hamna kitu,” alisema. “Nasema twende nyumbani, dada yako kapika mihogo.”