Vidole vya Kijani

Huwa hakati majani kwa kisu. Huyachana kwa vidole ndani ya beseni, akiyaimbia moja baada ya jingine, mpaka kucha zinakuwa kijani. Mtaani kwao, mjini Matanzas, wanamwita Mama Majani, na akipita huacha harufu ya mrehani. Asubuhi ile hakuimba. Aliyekuja kuvishwa shanga za watakatifu, ili aingizwe katika dini yao, alikuwa mwalimu Evelio, mzee wa miaka themanini, yuleyule aliyewahi kumvua Mama Majani shanga zake, utotoni, mbele ya darasa zima akisema, "Uchawi wa bibi yako uuache nyumbani!"

"Haya, babu, chini!" wanawake wa nyumba ya ibada wakamtania. "Humu tunahesabu miaka tangu mtu awekwe wakfu. Mama Majani ana hamsini, wewe hata hujazaliwa!"

Mzee akalala kifudifudi miguuni pa Mama Majani, magoti yakimlia. "Utanipokea, binti yangu?"

Mama Majani akamwacha hapo kidogo, kidogo tu. Kisha akamgusa mabega, akaanza kuimba, akachota shanga za bluu zilizolowekwa kwenye beseni la majani.

"Inuka," akasema. "Zangu ulizivua wewe, mwalimu. Zako nakuvisha mimi."