Betri Kutoka Londiani

Msiniambie nilikuwa nimechoka, wala msiniambie ni ukungu. Pombe sinywi, na mtoto wangu alikuwa ndani ya gari. Niliyoyaona niliyaona mchana, barabara ya kutoka Merigi kwenda Litein, miaka ile ya tisini na kitu. Anayetaka kucheka acheke sasa, amalize.

Nilikuwa na gari dogo la Kijapani, otomatiki, la kwanza pale kwetu. Asubuhi moja ya baridi binti yangu Chebet, bado mdogo kabisa, aliamka amebanwa na kifua, kila pumzi inapiga filimbi. Nikawasha gari. Kimya. Betri ilikuwa imekufa. Nikatuma neno kwa jirani yangu Kipkoech. Huyo ni bakule wangu, yaani tulitahiriwa siku moja, tukakaa kibanda kimoja mpaka tukapona. Kwetu ndugu wa tumbo moja anaweza kukudanganya. Bakule hapana.

Alikuja mbio amebeba betri. Alisema shemeji yake wa Londiani, mume wa dada yake, aliuza pikapu akamwachia. Alinifungia mwenyewe, akamgusa Chebet paji la uso, akampa pole. Mimi nilimshukuru mpaka nikaona haya.

Gari likawaka mara moja. Lakini gia sasa! Lilikwama kwenye gia ya kwanza, likakataa kupanda. Injini inalia, mwendo ni wa ng'ombe. Na haki ya Mungu, kabla ya betri ile giaboksi haikuwahi kunisumbua hata kidogo. Tulipofika mlima mmoja wenye chai pande zote, gia ikaachia kabisa. Nakanyaga mafuta, gari limesimama tu. Ukungu umeshuka, hakuna gari linalopita, na midomo ya Chebet imeanza kubadilika rangi. Wewe ungefanya nini? Mimi nililia.

Ndipo mtu akatoka kwenye chai. Mwanamume mrefu, koti la kaki, kofia ya sufu ameivuta ikaficha upande mmoja wa uso. Alinisalimia taratibu kwa Kikipsigis, akaniambia nifungue boneti. Akaweka kiganja juu ya betri, kama mtu anayempapasa ndama wake.

"Hii ni yangu," akasema. "Umepewa na nani?"

Nikamtaja Kipkoech.

"Shemeji. Na watu wangu hata hawajanyolewa." Hakusema kwa hasira. Niamini, ingekuwa afadhali angekasirika. "Mpeleke mtoto kwanza. Halafu uirudishe kwa mke wangu."

Kwetu mtu akifa, watu wa nyumba yake hunyolewa nywele, na kabla ya hapo kitu chake hakitoki bomani. Hilo nilikuwa nalijua tangu utotoni. Nilifunga boneti, kuinua macho, hakuna mtu, na majani ya chai yametulia kabisa. Nikarudi kwenye usukani. Gia ikaingia, ikapanda ya pili, ikapanda ya tatu, laini, mpaka hospitalini.

Chebet aliwekewa oksijeni. Alipoanza kupumua vizuri nikamwachia mama yake aliyekuwa ametufuata, nikaenda Londiani. Nilimkuta dada ya Kipkoech na nywele zake bado kichwani. Nyuma ya zizi kulikuwa na pikapu iliyokunjika upande wa dereva. Mumewe alikuwa amefia humo, na betri ilitoweka siku ya mazishi. Alipoiona mikononi mwangu alikaa chini kwenye nyasi. Hakuniuliza nimeitoa wapi.

Mafundi wa siku hizi wananiambia gari la otomatiki likibadilishiwa betri husahau gia zake mpaka lijifunze upya. Sawa. Na yule mtu aliyejua shemeji yake ni nani, naye nilimpata kwa fundi?

Nilienda kwa Kipkoech. Hakubisha. Alisimama mlangoni akiangalia miguu yake.

"Nilipoifunga, pikapu yangu nayo ilikataa gia," akasema. "Nikaambiwa mwingine akiipokea betri hiyo kwa shukrani, balaa litaniacha."

"Na mtoto ulimwona?"

"Nilimwona."

Basi. Huo ndio uliokuwa urafiki wetu. Ningemsamehe wizi, ningemsamehe uongo. Lakini alishika paji la mtoto wangu, akapima homa yake, na bado akanikabidhi kifo cha watu.

Chebet ni mama sasa, lakini mvua zikianza hukohoa usiku kucha. Kipkoech tunaonana kanisani, yeye benchi lile, mimi hili. Kijana wangu alipoenda jandoni, Kipkoech alikuja na mtungi wa maziwa kama inavyompasa bakule. Niliusukuma mtungi ukarudi mikononi mwake, watu wakiangalia, na sijuti.

Kwa hivyo wewe unayenisikiliza, ukipewa kitu, hata kipuri cha gari, uliza kilikuwa cha nani na kama wenyewe wameshanyolewa. Mgeni utamwuliza bila kukumbushwa, hilo najua. Mwulize yule unayeona aibu kumwuliza.