Shikamoo kwa Babu Mitambo

Jamani, nichekeni nyie kabla majirani zangu wa Kilole hawajawasimulia.

Nilipostaafu ualimu, mimi bibi wa watu, nilijiunga na ubao wa ujumbe wa mtandaoni wa wapenda kompyuta kuukuu. Unaandika ukiwa nyumbani, wenzako wanasoma na kukujibu. Majina halisi hayatumiki. Nilijiita Chipukizi. Msimamizi alijiita Babu Mitambo, nami kwa adabu zangu, kila asubuhi nilimwandikia shikamoo.

"Marahaba, mjukuu," alijibu, kisha ananielekeza.

Tulizoeana hadi nikamlalamikia Babu kuhusu mkwe wangu wa Kabuku, anayejifanya fundi na hajui hata kuchomeka redio.

"Wakwe wa siku hizi mzigo," akanipoza.

Juzi wanachama tulikutana Korogwe mjini. Nikaonyeshwa Babu, amenipa mgongo, kainamia kompyuta. Nikapiga magoti, jogoo wa zawadi mkononi.

"Shikamoo, Babu! Ni mimi, Chipukizi."

"Marahaba, mjukuu," akasema huku akigeuka.

Mume wa binti yangu!

Jogoo aliniponyoka akakimbilia mlangoni, lakini mkwe ndiye aliyetangulia kutoka.