Sindano za Kambove

Siku yangu ya kwanza ya kazi nilipewa nyundo kabla ya kupewa salamu. Ilikuwa Kampemba, mtaa wa Lubumbashi, karibu na soko, kwa patron mmoja ambaye alikuwa kwado, yaani fundi wa mapine, matairi ya magari. Nilikuwa nimeacha masomo mwaka wa tano wa shule ya msingi. Patron alinionyesha pine ya kamyo, yaani lori, iliyolala chini, akasema, "Simamisha." Nikaisimamisha. Akaniangalia toka miguu mpaka kichwa.

"Banakulisha nini kwenu?"

"Bukari, patron," nikasema, yaani ugali.

"Basi, ukule sana."

Huo ndio mtihani wangu, na ndiyo diplome peke yake niliyopata maishani.

Ninaandika kwa ajili ya vijana wanaofanya kazi hii leo. Wasifikiri tulikuwa tunacheza. Pine ya kamyo kubwa inakaa juu ya jante, ile chuma ya duara, na inashikwa na pete nzito tunayoita cercle. Pete isipokaa vizuri, ukitia hewa inaruka kama risasi. Nimeona moja ikitoboa bati la nyumba na kwenda kuangukia kwa jirani. Ndiyo maana pine inaingizwa kwanza ndani ya kaji, sanduku la vyuma, ndipo inatiwa hewa. Mimi, miaka zaidi ya thelathini, sikupoteza mtu hata mmoja. Waulizeni madereva wanaopita Sakania, mpakani, wanajua mikono yangu.

Toka Kampemba nilichukuliwa Kambove, kwenye kampuni moja ndogo iliyokuwa inatunza kamyo za mgodi. Nilianza kama mwenye kubeba vyuma. Miaka sita baadaye nilikuwa chef kwado, na watu kumi na mmoja chini yangu, wengine wamemaliza shule ya ufundi. Kwa kuwa walikuwa wananong'ona juu ya masomo yangu, nilileta sheria: kila mara mkataba wa kikosi unapofanywa upya, chef anasimamisha pine ya kamyo peke yake, na jante yake ndani, mbele ya wote. Asiyeweza, ampishe mwingine. Chef wa garage, Mbelgiji mzee aliyejua Kiswahili cha Katanga kuliko sisi, aliicheka kwanza, halafu akaipenda. Nilisimamisha ile pine miaka kumi na tano, na mkono mmoja ukiwa bado na kazi ya kupigia watu saluti.

Nyumbani Lubumbashi nilikuwa na Godelive. Nilimuoa nikiwa na miaka arobaini, yeye ishirini na nane. Nilikuwa nimechelewa kuoa kwa sababu yaya yangu, yaani ndugu yangu mkubwa, alikufa akaniachia watoto wanne, na niliwalea kwanza. Kwetu, mtoto wa ndugu yako ni mtoto wako. Anayekuuliza "wa kwako kabisa ni wangapi" amekutukana wewe na mtoto. Mkubwa wao, Ilunga, ni mwalimu leo. Watu wananiita Papa Ilunga, na Godelive wanamwita Mama Ilunga. Lakini Godelive alibeba mimba mara mbili, zote mbili zikatoka. Alikuwa anangoja ya tatu. Kila Jumapili, akitoka misa, alibaki nyuma kidogo kuongea na Bikira Maria, na mimi nilimngoja nje nikijua wanaongea nini.

Nilipofika miaka hamsini na moja, mwili uliniacha bila kuaga. Nililala usiku kucha na kuamka mchovu. Nyama za mikono zilipungua, tumbo likaongezeka. Na yale mengine ya mume na mke, acha niseme wazi: usiku mwingi ulikuwa ni wa kulala tu. Nilipojaribu pine kwa siri, asubuhi mapema, ilifika magotini ikanirudia. Mkataba ulikuwa unakaribia.

Nilianza kutafuta munganga, yaani daktari. Wa kwanza, kwenye dispensaire ya Kampemba, alinipima presha tu. "Muzee, ni miaka. Upunguze bière, ulale." Wa pili alikuwa kijana wa kwenye kliniki ya mgodi. Nilimwambia nimesikia kuna sindano ya homoni ya kiume, ile wanayoita testosteroni, anipatie. Akaacha kalamu.

"Papa, ile si dawa ya kubebea mapine."

"Unipime basi."

"Sipime kintu nitakatala kutibu. Inaweza kukuletea ugonjwa ingine: damu nzito, prostate, ile tezi ya kiume. Uende kwa spécialiste."

Nilimtukana moyoni. Leo najua alikuwa mwaminifu. Sokoni kulikuwa na watu wa kuuza unga na mizizi, kila mmoja na picha ya simba kwenye chupa. Nilikula ile mizizi nikapata kuhara peke yake.

Spécialiste, daktari bingwa wa homoni, nilimpata mjini baada ya miezi minne. Nilienda na Ilunga, kwa sababu karatasi za pale ni Kifaransa kitupu na Kifaransa changu ni cha garage. Huyu daktari alifanya kazi kama mimi: hakuamini macho, aliamini kipimo. Alitaka damu ya asubuhi, bila kula, na baada ya wiki mbili akaitaka tena. Mara zote mbili homoni ilikuwa chini sana. Nilikaribia kumkumbatia. Sikuwa mvivu, bwana, nilikuwa mgonjwa!

Halafu akafungua kitabu chake. "Uko na batoto ngapi, papa?"

Ilunga alikuwa amekaa kandokando yangu, ameshika mfuko wa karatasi zangu.

"Bane," nikasema, na vidole vinne juu.

"Unatafuta bengine?"

"Docteur, nyumba imejaa. Unataka nilale mu njia?"

Ilunga akacheka. Daktari naye akacheka, akaandika. Akasema, "Kama mawazo inageuka, unikujie kwanza. Kabla ya kuendelea na sindano, unasikia?" Nikasema nimesikia. Sikumuuliza kwa nini. Na kichwani mwangu nilifikiri hivi: nguvu ya kiume ikirudi, mtoto naye atakuja nyuma yake. Ndivyo mtu yeyote wa soko la Kampemba angefikiri.

Sindano moja kila wiki tatu, kwenye tako. Baada ya miezi mitatu nilikuwa kijana. Siku ya mkataba nilisimamisha pine mara mbili, ya pili kwa majivuno tu, kikosi kikapiga makofi. Godelive alifurahi pia, nyumba ilirudia kuwa na kicheko. Lakini mwezi baada ya mwezi damu yake ilikuja. Mwaka ulipopita, munganga wa wanawake akasema, "Mulete bwana, tupime na mbegu yake."

Walipima. Hakuna hata moja.

Tukarudi wawili kwa spécialiste. Alisoma karatasi, akatafuta kitabu chake cha zamani. "Lakini papa aliniambia batoto bane, na hatafute tena."

Godelive akanigeukia. "Bane? Docteur, bale ni ba marehemu yaya yake. Tuliwalea. Mimi tumbo yangu ilibeba mara mbili na haikufika."

Daktari alivua miwani. "Ile sindano, kichwa inaona kama homoni iko mingi, inafunga kiwanda ya mbegu. Nguvu inabaki, mbegu inaisha. Mwanaume mwenye kutafuta mutoto, simupatie. Nilikuuliza, papa."

"Uliniuliza mbele ya mutoto," nikasema.

"Ungerudia kesho yake peke yako."

Nikauliza kama kiwanda kinafunguka tena. Akaeleza kwamba nikiacha, kiwanda kinaweza kufunguka, kwa miezi sita, mwaka, pengine zaidi, na kuna dawa nyingine ya kukisukuma. Lakini lazima niache leo, na nguvu zitashuka kwanza. Godelive alikuwa anaingia miaka arobaini na moja. Njiani alinishika mkono, akasema, "Haizuru. Tunaacha leo, tunangoja."

Tungeacha siku ile, nisingekuwa na la kuandika.

Mkataba mwingine ulikuwa unakuja. Niliona kikosi kimesimama, kijana mmoja wa shule ya ufundi ananiangalia magoti. Nikajiambia: nimalize huu mmoja, halafu. Nilikuwa nakaa Kambove wiki mbili, Lubumbashi moja. Kule Kambove, duka moja la dawa lilipokea ile karatasi ya zamani ya daktari bila maswali, na infirmier mmoja, muuguzi, alinipiga sindano nyuma ya pazia. Godelive alikuwa anauliza kwa simu, "Unasikia namna gani? Nguvu inashuka?" Nikamwambia, "Inashuka, inashuka." Vipimo vya daktari sikuenda kuvifanya, nilimwambia Godelive ni vizuri. Alinipikia samaki na mboga, eti nijenge mbegu.

Pine nilisimamisha. Miezi michache baadaye kampuni ilileta mashine yenye mikono miwili ya chuma. Inashika pine, inaisimamisha, inaigeuza, na anayeiendesha amekaa kwenye kiti. Chef mpya wa garage aliniita. "Muzee, hii sheria yako ya kusimamisha, tunaifunga. Muntu atavunjika mugongo bure." Alisema kwa heshima. Nilitoka kazini mwisho wa mwaka ule.

Nikaacha sindano kwa kweli. Nilishuka kama nilivyoambiwa, nililia bila sababu, nililala mchana. Kwa dawa za daktari, na karibu mwaka mzima, mbegu zilianza kuonekana, chache. Nilileta karatasi nyumbani kama mtoto anayeleta bulletin nzuri ya shule. Godelive aliisoma, akaikunja. Damu yake ilikuwa imekatika toka miezi mingi, na munganga wake alikuwa amempima na kumwambia kwamba haitarudi. Hakuwa ameniambia, ili nisife moyo.

Vijana, sindano ile haina kosa. Inasaidia watu, na daktari aliyenipatia ni fundi kamili. Lakini muende kwa munganga na wake zenu, na anapouliza watoto, mseme yote, hata kama inawavunja uso. Hamumtukani mtoto wa ndugu yenu kwa kusema kweli chumbani mwa daktari. Nilimwambia Ilunga jambo lote mwaka jana. Akasema, "Papa, ungenituma inje tu. Ningetoka."

Godelive nilimwambia mimi mwenyewe, hakuna aliyenilazimisha. Alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo, uani. Nikasema kwamba siku ile tulipotoka kwa daktari sikuacha, nilikuwa napigwa sindano Kambove.

Mchi ulisimama. "Myezi ngapi?"

"Munane."

"Munane." Aliongeza majani ndani ya kinu. "Ndiyo mimba karibu nzima, ile."

Akaendelea kutwanga. Jioni tulikula ile sombe, naye alinipakulia kwanza, kama siku zote.