Salamu za Cherehani

Asubuhi ya mwisho tukiwa wazima wote wawili, mke wangu alifungua dirisha, akaondoa kitambaa juu ya cherehani yake, akaigusa kama mtu anavyomgusa mwenzake begani.

"Umeamkaje, bibi?" akaiuliza.

Nikacheka. "Mama, chuma hicho. Kitakujibu nini?"

"Kwani wewe nikikusalimia huwa unajibu?"

Nikanywa chai yangu.

Alishona sare za shule miaka thelathini na minne katika chumba hichohicho, pini mdomoni, futi shingoni. Uzi ukikatikakatika hakuilaani mashine. Alisema imechoka, akaitia mafuta, akaiacha ipumzike. Majirani walimwita Mama Salamu kwa mapenzi. Mimi nilimwita hivyo kwa kejeli.

Mchana ule aliangukia kola aliyokuwa anaigeuza. Kiharusi. Hospitali wakamlaza, mpira puani, mashine kando ya kitanda ikilia tii, tii. Daktari alisema hajui kama anasikia. Mimi nikachukua nilichotaka: hasikii.

Siku ya tano alikuja dada yake, akamshika mkono, akaanza kumpa habari za nyumbani.

"Shemeji, usijichoshe," nikasema. "Hapo unaongea na gogo. Mwenyewe alishaondoka. Cherehani yake ichukue wewe, inanijazia chumba tu."

"Shemeji! Unasema hivyo mbele yake?"

"Mbele ya nani?"

Nilisema hivyo. Tena viatu nimevua, miguu nimeiweka juu ya kitanda chake.

Siku ya tisa alifumbua macho. Ya kumi na moja akapata maneno, mazito, ya upande mmoja wa mdomo. La kwanza aliuliza cherehani iko wapi. Nikahisi uso unaniwaka. Nikamwambia ipo. Kweli ilikuwepo, lakini si kwa wema wangu. Dada yake ndiye aliyekataa kuibeba.

Aliishi wiki tatu tu baada ya hapo. Sasa kila asubuhi naifunua, naisalimia, na haya zinanishika mbele ya chuma.

Siku ile alipouliza cherehani nilimwomba radhi. Nikasema sikujua kama anasikia. Hakukasirika. Angekasirika ningepata nafuu. Alinijibu hivi, sijaongeza wala kupunguza:

"Hata mimi sikujua kama cherehani inasikia, mzee wangu. Ndiyo maana nikaisalimia."